Chapa na Nta Katika Klarineti ya Mjomba

Mama ameacha kufuatana nami kwenye karamu kwa sababu ya tabia yangu ya kupindua sahani. Siwezi kujizuia. Nikiwekewa sahani nzuri, kabla wali haujapakuliwa nimeshaigeuza kutazama chini yake pameandikwa nini, imetengenezwa nchi gani, chapa yake ni ya taji au ya nanga au ya ua. Siku moja niligeuza bakuli lililokuwa na mchuzi ndani. Mama alinifinya paja mpaka machozi yakanitoka, na mwenye nyumba akajifanya hakuona, lakini mimi niliona kwamba ameona.

Mama husema nilipozaliwa haya zangu zilibaki tumboni mwake. Mimi nauita udadisi, na bahati nzuri nimepata kazi ya kuulisha. Nina duka dogo la vitu vya zamani Ukunda, karibu na Kona ya Musa, kati ya muuza simu na fundi wa majiko. Wageni waliojenga Diani na Galu enzi za ujana wao sasa wamezeeka. Wengine wanarudi kwao, wengine wanakufa, na vitu vyao vinatafuta pa kwenda. Pa kwenda ni kwangu. Nanunua saa za ukutani, taa, visu vya meza, darubini, masanduku ya safari. Wenzangu wa biashara wakiletewa kitu huuliza bei. Mimi huuliza umri wake kwanza, na ndiyo sababu wenzangu wana magari.

Mwaka jana niliitwa Galu na bibi mmoja wa Kijerumani aliyekuwa akifunga nyumba yake arudi kwa watoto wake. Marehemu mumewe alikuwa mkusanyaji wa klarineti. Nilikuwa nimeziona klarineti kwa mbali tu, kwenye bendi, filimbi nyeusi ndefu zenye vyuma ubavuni, lakini sikuwahi kuishika moja nikaiangalia kwa karibu. Zile zilikuwa zimelala vipande vipande katika masanduku yao, juu ya kitambaa cha mahameli kilicholiwa na nondo, na kila kipande kilikuwa na chapa ndogo ya dhahabu iliyofifia. Mate yalinijaa kinywani. Bibi aliliona hilo, na nadhani alikuwa amechoka kuonyesha vitu vyake watu wasiotazama, maana alinivutia kiti, akaagiza chai, akanifundisha mpaka jua likapinduka.

"Usisome jina la fundi kwanza," aliniambia kwa Kiswahili chake alichokipata kwa miaka mingi ya kukaa hapa. "Jina linadanganya. Soma nchi."

Akanipa moja iliyopigwa chapa ya Chekoslovakia. Nchi hiyo, alisema, haipo tena duniani. Ilizaliwa baada ya vita vikuu vya kwanza na ikagawanyika yeye mwenyewe akiwa mtu mzima, anatazama. Kwa hiyo klarineti yenye jina hilo imezaliwa hapo katikati, si kabla, si baada. Nyingine iliandikwa Ujerumani, na chini yake maneno ya kueleza kwamba ni ule upande ulioshikwa na Wamarekani. Jambo hilo lilidumu miaka michache tu baada ya vita vya pili, na kwa hiyo umri wake ulikuwa wazi kuliko wa watu wengi ninaowafahamu. Nilikaa nayo mapajani nikistaajabu kwamba serikali zinaondoka na bendera zao, na kipande cha mti kinabaki na habari.

Baada ya nchi ni namba. Namba hupigwa kwenye kipande cha juu na kwenye kipande cha chini. Zikifanana, vipande hivyo vilizaliwa pamoja; zisipofanana, kimoja kimeolewa mara ya pili. Baada ya namba ni vile vyuma vya kubonyeza kwa vidole: vya kizamani ni vichache na vimekaa kivingine kuliko vya leo. Kisha unatazama kitu chenyewe kilichochongwa. Klarineti nyingine ni za mpira mgumu, ambao ukianikwa juani weusi wake hugeuka kuwa kijani cha maji ya dimbwi. Zilizo bora ni za mpingo. Hapo nilimkatiza. Mpingo naujua, ni mti wa upande huu wetu, babu zangu waliuchonga vinu na bakora. Bibi akacheka, akasema ndiyo, unakwenda Ulaya ukiwa gogo na unarudi ukiwa na jina la mji.

Mwisho alinionya juu ya herufi mbili. "Ukiona H na P, zimepigwa chini ya majina yote, usinunue kwa mtu anayetaka kupiga muziki. Muuzie anayetaka kutazama."

Nikamwuliza zina ubaya gani. Akaeleza kwamba zamani bendi za askari wa Kiingereza zilikuwa zikipiga sauti zao zote juu kidogo kuliko zinavyopigwa sasa. Si sana, kiasi cha kukera tu. Klarineti zilizotengenezwa kwa ajili yao zilikuwa fupi kwa unywele, na zilipigwa herufi hizo, kwa Kiingereza maana yake sauti ya juu. Baadaye wakubwa wakakubaliana kushuka, bendi zote zikashuka, na zile ala hazikuweza kushuka, kwa kuwa mti haurefuki. Hazipatani na piano, hazipatani na gitaa, hazipatani na chochote kilichotengenezwa baadaye.

"Zikafanywa nini?" nikauliza.

"Zikapelekwa mbali."

"Mbali wapi?"

Bibi alinyoosha mkono akaonyesha dirisha, minazi, na mimi.

Nilirudi Ukunda na masanduku yake yote, na njia nzima sikuwa nafikiri biashara. Nilikuwa nafikiri klarineti moja iliyokuwa ndani ya ukoo wetu tangu kabla sijazaliwa, ambayo sikuwahi kuigeuza.

Hiyo ilikuwa ya mjomba, kaka wa mama. Mjomba na mama wanakaa ua mmoja Msambweni, yeye upande wa kisima na mama upande wa jiko, na hakuna mtu katika ukoo asiyejua kisa chake, kwa kuwa mama hukitoa kila harusi. Babu yangu, yaani baba yao, aliipata klarineti katika bendi ya askari wa mkoloni, akarudi nayo kijijini alipoachishwa, akawa anaipiga harusini badala ya zumari. Alipofariki, mjomba akairithi. Mjomba naye alikuwa kijana mwenye sauti. Mfungo Sita ukiingia, yeye ndiye aliyeanzisha kaswida za maulidi, na wazee wanasema watu walikuwa wakija kutoka vijiji vya pili kumsikiliza. Kisha hoteli zikaanza kuota Diani, na mojawapo ikamchukua katika bendi yake iwachezeshe watalii.

Hapo mama hukaa vizuri mkekani. Ngoma zetu zina desturi yake, na msikilizaji wa mama huwa anaijua: mwenye zumari hafuati mtu. Yeye hupuliza, na wapiga ngoma humsikiliza. Ngoma iliyo chini hupelekwa motoni, ngozi yake ikapata joto ikakaza, ikapanda mpaka imfikie. Makumbi ya nazi huwashwa pembeni kwa kazi hiyo tu. Basi mjomba alipofika hotelini, akapuliza na wenzake, akasikia kwamba yeye yuko huku na bendi nzima iko kule, alifanya alichofundishwa na babake. Alikwenda jikoni akaomba makumbi, akawasha moto nyuma ya jukwaa, akachukua ngoma ya bendi akaipasha.

Ngoma ile haikuwa ya ngozi. Ilikuwa ya plastiki. Mama huinua mkono wake wa kulia na kuukunja vidole polepole kuonyesha plastiki ilivyojikunja, na kufikia hapo watu huwa wameshashika mbavu. Mkuu wa bendi, mtu wa bara, akaja mbio, akatazama ngoma, akatazama moto, akamwambia mjomba mbele ya wapishi na wahudumu: "Shida si ngoma. Shida wewe huna sikio." Akampa mpaka mwisho wa mwezi ajirekebishe. Mwezi ulipokwisha, mjomba alirudi akakuta mahali pake pamekaa mtu na saksafoni.

"Mcheza kwao hutunzwa," mama humalizia, "na mcheza hotelini hukaanga ngoma."

Nimecheka kisa hicho tangu utotoni, na ni kisa kizuri. Lakini mama huwa hasemi kilichofuata, kwa kuwa hakichekeshi. Mjomba hakuipiga tena klarineti, na hakuanzisha kaswida tena. Aliambiwa hana sikio, naye akaamini. Kwenye maulidi hukaa safu ya nyuma, midomo yake inakwenda na sauti haitoki, ili asimharibie mtu. Mzee aliyekuwa akianzisha kaswida badala yake miaka yote hiyo alifariki mwaka jana, na wazee wa mtaa walikuja uani kwetu kumwomba mjomba arudi. Aliwapa tende na kahawa, akawakatalia. Wakaja tena. Nilikuwepo mara hiyo ya pili na nilimsikia kwa masikio yangu: "Nitawapotosha watu, na maulidi ya Mtume si mahali pa kupotosha watu. Mimi sikio sina." Aliyasema bila uchungu, na hilo ndilo lililonikera. Nampenda mjomba. Sikupenda kumwona akikubali ubovu wake kwa upole namna ile.

Basi Ijumaa ya kwanza baada ya kutoka Galu nilikwenda Msambweni na klarineti ya Chekoslovakia begani. Mjomba alikuwa barazani kwake na msahafu umefungwa mapajani.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Ukunda hawajambo?"

"Hatujambo, alhamdulillahi. Mjomba, ile klarineti ya babu bado unayo?"

Alinitazama kidogo. "Waitakia nini?"

"Nataka kuisoma."

"Ile si kitabu."

"Ina maandishi."

"Mimi sijayaona." Na kweli asingeyaona. Mjomba anasoma herufi za Kiarabu kwa wepesi kuliko maalimu wengi, lakini zile nyingine huziita herufi za serikali, na hajawahi kuwa na shauri nazo.

Mama, aliyekuwa akichagua mchele kwenye ungo upande wake wa ua, alidakia. "Mpe auze, sanduku lipate nafasi. Lakini mwambie asiiweke karibu na jiko."

Mjomba hakucheka wala hakukasirika. Aliingia ndani, akakaa sana, akatoka na kitu kimefungwa katika leso ya marehemu bibi yangu. Leso ilikuwa bado inanuka ubani, kwa maana babu hakuwa akienda nayo harusini kabla ya kuifukiza. Nikatandika upande wa kanga yangu barazani, nikavipanga vipande juu yake, nikaanza kugeuza.

Ulikuwa mpingo, mweusi mpaka ndani. Mji ulioandikwa ulikuwa London. Namba za kipande cha juu na cha chini zilifanana, hazikuachana tangu kuzaliwa. Vyuma vilikuwa vichache, vya mtindo wa kizamani, na ngozi ndogo zilizoziba matundu chini ya vyuma hivyo hazikuwa za kiwandani, zilikuwa za mbuzi, zimekatwa kwa mkasi wa nyumbani. Kwenye maungio, pahali ambapo pangekuwa na utepe wa gome la vizibo vya chupa, palizungushwa uzi wa kushonea nyavu, tabaka juu ya tabaka. Nilikuwa nikimsomea mjomba yote haya kwa sauti, naye alikuwa akiitikia "Ee" kila mara, kwa adabu tu. Chini ya jina la mji palikuwa na uchafu uliogandamana. Nikachovya ncha ya leso katika mafuta ya nazi, nikasugua taratibu. Ikatoka H. Nikasugua tena, na nilishajua kabla haijatoka kwamba ya pili itakuwa P.

Nilitaka kuhakikisha kila kitu kwanza, kwa hiyo nikageuza kipande cha chini kutazama matundu ya vidole. Yalikuwa yamejaa uchafu mweusi pembezoni, mengine karibu nusu. Nikachomoa pini kwenye mtandio wangu niyasafishe. Mjomba akanishika kifundo cha mkono.

"Usitoe."

"Ni taka, mjomba."

"Si taka. Ni nta. Niliitia mimi."

Aliyasema akitazama chini, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilimwona mjomba ameona haya. Ikabidi nimwulize, na alinijibu polepole, akichagua maneno. Baada ya kisa cha ngoma, alisema, alijaribu kujirekebisha kama alivyoambiwa. Alivuta vipande vya klarineti viachane kidogo, ndiyo maana ya ule uzi mnene, ili iwe ndefu na ishuke. Ikashuka, lakini kwa upendeleo: sauti za matundu yaliyo karibu na mdomo zilishuka sana, na za matundu ya mbali zilishuka kidogo tu. Ndipo akachukua nta ya nyuki, akaitia kwenye matundu, ya juu nta nyembamba, ya chini nta nene, moja moja, mpaka yote yakakaa pamoja.

"Ulijuaje tundu gani linataka nta kiasi gani?" nikamwuliza.

"Kwa piano ya hoteli."

"Lakini nta uliitia wapi, hapo hotelini?"

"Hapa, kwenye baraza hii. Kule nisingethubutu, wangeniona." Alikuwa akisimama nyuma ya jiko la hoteli, mchana, mpiga piano akijizoeza. Alikuwa akichukua sauti moja. Aliibeba kichwani kutoka Diani mpaka Msambweni, garini, watu wakipiga soga na redio ikiimba, akafika nyumbani hajasalimia mtu, akakaa akaitilia nta mpaka tundu likasema sauti ileile. Kesho yake akaenda kuchukua nyingine. "Mamako alikuwa akinisemesha mlangoni nami nisijibu. Akadhani nimemkasirikia. Nilikuwa nachelea ile sauti isimwagike."

Mama aliinua uso kutoka kwenye ungo.

"Sasa waona," mjomba akaniambia. "Mwenye sikio hataabiki hivyo. Nilikuwa naficha aibu yangu ndani ya matundu ya babangu. Na hata hivyo haikufaa kitu, kwa sababu nilipomaliza, kazi ilishakwenda kwa mwenye saksafoni."

Nilipandwa na hasira, na sikujua ni ya nani. Mkuu wa bendi hata jina lake hatulijui, na yamkini ameshazikwa. Nikamweleza mjomba habari za herufi mbili. Nilieleza vibaya, nikirukaruka, bendi za askari na wakubwa walioshuka na ala zilizopelekwa mbali, na mjomba alinisikiliza mpaka mwisho na kichwa kimeinama. Kisha akaniuliza kwa upole kama ninataka kumwambia kwamba herufi mbili za serikali zina uzito kuliko piano.

"Basi tusizisome," nikasema. "Tupime."

Katika simu yangu nilikuwa nimeweka ile programu wanayotumia wapiga gitaa. Unaipigia sauti, nayo inaonyesha mshale. Sauti ikiwa sawa, mshale unakaa katikati. Ikiwa chini unaangukia kushoto, ikiwa juu unakwenda kulia. Nikaunga klarineti ya Chekoslovakia, nikafunga tete mpya, kile kibanzi kinachotetema mdomoni, nikampa mjomba. Hakutaka. Nikamwomba kwa jina la babake, jambo ambalo si la haki, na akaichukua. Meno yake ya mbele bado yapo, Mungu amemsitiri. Sauti ya kwanza ilitoka upepo mtupu. Ya pili ikatoka sauti. Mshale ukasimama katikati, na nikamwonyesha: hii ndiyo sauti ya bendi na piano, sauti ya kila mtu wa leo.

Kisha akaiunga ya babake kwa tete ileile, imevutwa na imejaa nta kama alivyoiacha zamani, akapuliza tundu moja baada ya jingine huku mimi nikishika simu mbele ya macho yake. Pumzi yake ni ya mzee, na mshale ulikuwa ukitikisika. Lakini ulitikisika katikati. Tundu la juu, katikati. La pili, katikati. Tulishuka mpaka yale ya chini yenye nta nene, na kila mara mshale ulirudi palepale, kwa nta iliyopimwa kwa sauti iliyobebwa kichwani kutoka Diani. Nilimwonyesha kwa kidole tu.

"Sasa," nikasema baadaye, "nipe ruhusa tundu moja."

Akafikiri, akatikisa kichwa kukubali. Nikatoa nta ya tundu moja kwa pini, tukatoa uzi, tukasukuma vipande vikagusana kama fundi wa London alivyovikusudia. Mjomba akapuliza. Mshale ukakimbia kulia na ukakaa huko. Akapuliza tena, kwa upole zaidi, akidhani pengine ni pumzi. Ukakaa huko.

Aliiweka klarineti mapajani. Kuku walikuwa wanaparura chini ya mpapai, na mama alikuwa ameacha kuchagua mchele.

"Kwa hiyo babangu alikuwa juu siku zote," mjomba akasema.

"Siku zote."

"Na ngoma zikimfuata."

"Ngoma za ngozi, mjomba. Piano haipashwi moto."

"Na mkuu wa bendi alisikia kwamba hatupatani."

"Alisikia sawasawa. Hakujua tu nani hapatani na nani. Na wewe ulisikia zaidi yake, kwa sababu yeye alisikia kosa na wewe ulilipima." Nilimwonyesha pini yangu yenye nta. "Asiye na sikio angeitiaje hii?"

Mama ndiye aliyesema, kutoka kwenye mkeka wake, na sauti yake haikuwa ya kisa cha harusini. "Umeniharibia hadithi yangu." Alisimama akapangusa macho kwa upande wa leso, akasema anakwenda kuteleka chai, na chai ilikuwa tayari kwenye chupa tangu nilipofika.

Mjomba akaniomba pini. Akaanza kutoa nta iliyobaki, tundu kwa tundu, bila haraka, akiikusanya kwenye kisahani ambacho mama alikileta kwa ajili ya kaimati. Nilikuwa nimemkazia macho yeye, na kisahani sikukigeuza. Hata leo sijui kilitengenezwa wapi.

Sikumwuliza kuhusu kaswida. Udadisi wangu una mipaka, ingawa mama hataamini. Wazee wa mtaa walikuja mara ya tatu Mfungo Sita ulipokaribia, na mama aliniambia kwa simu kwamba mjomba hakuwakatalia wala hakuwakubalia. Aliwaambia tu kwamba atakuja na atakaa mbele.

Maulidi yalisomwa baada ya swala ya alasiri, uwanja wa msikiti umetandikwa majamvi. Sisi wanawake tulikuwa nyuma ya pazia, na mimi na mama tulipata mahali penye upenyo. Makumbi yalikuwa yakifuka moshi pembeni, na dufu zilikuwa zimeshapashwa na kurudishwa, kila mpigaji na yake gotini. Mjomba alikuwa mbele, kanzu imenyooshwa, mikono juu ya magoti. Mzee mmoja alimwinamia akamnong'oneza. Mama akanishika paja palepale aliponifinya siku ya bakuli.

Mjomba akaanza. Sauti ilikuwa ya mzee, ina mikwaruzo, lakini ilipanda pale alipoituma na ikatulia hapo. Wapiga dufu wakapokea. Walipiga mapigo machache tu, kisha mjomba akanyamaza na kuinua mkono.

Watu wakageukiana. Nilidhani amejisikia, ameogopa, atarudi safu ya nyuma, na kwamba mimi na herufi zangu ndio tuliomleta mbele ya watu wote hawa aaibike mara ya pili.

Mjomba aliinamisha kichwa upande mmoja, akisikiliza kitu kilichokwisha kunyamaza.

"Dufu ziko chini," akasema. "Zipasheni tena."

Wapiga dufu, watu wazima wenye wajukuu, walitazamana. Kisha wa kwanza akainuka, na wengine wakamfuata, wakaenda kuchuchumaa kuzunguka makumbi na dufu zao mikononi, wakizigeuzageuza juu ya moto, huku mjomba amekaa mbele peke yake anawangoja.

Mama hakuondoa jicho kwenye upenyo wa pazia.

"Hizo ni za ngozi," akasema, ingawa hakuna aliyemwuliza. "Haziungui."